Mwenda wa Bayeke: gitare ya Jadotville iliyozunguka dunia

LIKASI – Muji wa Likasi unajulikana kwa shaba na kobalti. Unajulikana pia kwa uranium ya Shinkolobwe, mugodi ulio karibu na muji, ambao mawe yake yalitumika kutengeneza bomu za mwaka wa 1945. Lakini katika mwaka wa 1952 kitu kingine kilitoka hapa, chepesi kuliko jiwe lolote: sauti ya gitare moja ya mbao, iliyopigwa na kijana wa miaka karibu 22. Sauti ile ilifika Johannesburg, Nairobi, London na Amerika. Kijana yule aliitwa Mwenda Jean-Bosco. Watu wengi walimujua kisha kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Alikufa katika mwezi wa 9 wa mwaka wa 1990. Vijana wengi waliozaliwa nyuma ya mwaka ule wanajua Franco na Docteur Nico, lakini hawajui kama mumoja kati ya wapiga gitare wa kwanza wa Afrika kusikilizwa katika inchi za mbali alianza katika barabara za muji wetu, tena akiimba Kiswahili cha Katanga. Hii ni historia yake.

Mutoto wa Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 katika Bunkeya. Mutu wa Katanga hahitaji kuelezwa sana Bunkeya ni wapi. Hapo ndipo palikuwa makao ya Msiri, mufalme wa Bayeke, ambao walitoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, katika inchi inayoitwa leo Tanzania. Walikuja katika karne ya 19 wakifuata biashara ya shaba, pembe za tembo na chumvi. Msiri aliuawa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka wa 1891 na kapiteni Bodson, Mubelgiji aliyekuwa katika msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya mufalme Léopold II. Kwa hiyo, wakati Mwenda alizaliwa, miaka 39 tu ilikuwa imepita. Wazee waliokuwa watoto siku ile ya kifo cha Msiri walikuwa wangali wanaishi.

Jina la Mwenda lenyewe ni jina kubwa pale. Msiri alilibeba, na wafalme wa Bayeke waliomufuata wamelibeba vilevile. Jina la Jean-Bosco lilitoka upande mwingine. Ni jina la padri wa Italia aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, na Wasalesiani walifika Katanga mwaka wa 1911. Jean Bosco alitangazwa kuwa mutakatifu mwaka wa 1934, wakati Mwenda alikuwa mutoto wa miaka 4, na jina lile likaenea sana katika jimbo letu. Hivyo mutoto huyu alikuwa na majina mawili: moja la ufalme, lingine la misioni. Tutaona kwamba siku moja serikali ilikuja kuingilia jambo hilo.

Muji wa shaba, muji wa lugha nyingi

Kutoka Bunkeya mupaka Likasi si safari ya mbali sana, lakini kwa kijana wa wakati ule ilikuwa ni kuingia katika dunia ingine. Muji uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mukubwa wa kampuni za Ubelgiji. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ndiyo iliyokuwa inaamuru maisha: kengele ya kazi, nyumba, posho, shule, hospitali. Njia ya reli ilikuwa imefika Elisabethville mwaka wa 1910 kutoka upande wa Rhodesia, na mwaka wa 1918 ikafika Bukama. Treni ilileta mashini, na ilileta watu vilevile: Waluba wa Kasai na wa Katanga, Walamba, Wabemba kutoka ngambo ya mupaka, na wafanyakazi waliotoka mupaka Rwanda.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilibadilisha mupango wake. Pahali pa kuleta wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha, iliwaachia waje na wake zao, wakae miaka mingi, wazae watoto katika kambi. Matunda ya mupango ule yalionekana kisha: watoto waliokomaa katika kambi na katika cité, ambao lugha yao ya kila siku ilikuwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Zanzibar. Ni Kiswahili cha Katanga, kilichochanganyika na Kiluba, Kibemba, Kisanga na Kifaransa. Ndicho Mwenda alikitumia katika nyimbo zake nyingi, hata kama aliimba pia katika lugha zingine za jimbo.

Magaribi, kisha kazi, watu walitafuta furaha. Kulikuwa pombe, kulikuwa ngoma, na kulikuwa gramafoni. Santuri za muziki wa Kuba ziliingia Kongo kwa wingi kuanzia miaka ya 1930, na watu walizipenda sana. Mwenda alisikiliza vikundi vya Kuba kama Trio Matamoros. Filme za cowboy nazo zilionyesha wanaume wenye kofia kubwa na gitare mukononi, na vijana wa migodi waliwaangalia sana. Na kabla ya yote ile, kulikuwa muziki wa nyumbani, wa Katanga na wa Zambia ya leo, na vyombo kama likembe, ambavyo vinapigwa kwa vidole vichache lakini vinatoa sauti mbili ao tatu zinazojibizana.

Gitare ilikuwa inafaa maisha ya muji kuliko ngoma kubwa. Mutu mumoja anaweza kuibeba chini ya mukono, kuingia nayo katika treni, kuketi mbele ya nyumba na kukusanya watu. Haihitaji kikundi. Lakini jambo hilo linaleta ulizo: kama uko peke yako, nani atapiga sauti ya chini, nani atapiga sauti ya juu, na nani atashika mwendo? Jibu la Mwenda kwa ulizo hilo ndilo lililomutangaza.

Mwaka wa 1952

Katika mwaka wa 1952, Mwingereza mumoja aliyekuwa anaishi Afrika ya Kusini alipita Kongo akiwa na mashini za kurekodi ndani ya gari. Jina lake lilikuwa Hugh Tracey. Alizaliwa mwaka wa 1903, na alikuwa ametumia miaka mingi kuzunguka katika inchi za kusini na za katikati ya Afrika akirekodi muziki wa vijiji na wa miji. Wakati ule wazungu wengi hawakuona muziki wa Waafrika kuwa kitu cha kuwekwa katika akiba. Yeye aliona hivyo. Lakini alikuwa pia na uhusiano na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, ambayo ilitaka santuri za kuuzisha. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa na pande mbili: kuchunga na kuuzisha.

Alipofika Jadotville, alikutana na Mwenda akipiga gitare barabarani. Alimurekodi. Kati ya nyimbo za siku zile kulikuwa Masanga, ambayo ndiyo ilibeba jina la Mwenda mbali kuliko zingine zote.

Tufahamu namna kazi ile ilivyofanyika. Hakukuwa studio. Hakukuwa nafasi ya kukata na kuunganisha, ao ya kurekodi gitare leo na sauti kesho. Upande mumoja wa santuri ya zamani, ile ya kuzunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba karibu dakika tatu tu. Mupigaji alianza, akamaliza, na kama alikosea sherti arudilie kutoka mwanzo. Kijana wa miaka 22 aliyezoea kupiga mbele ya watu wanaokunywa na kucheka aliombwa kuingiza kila kitu anachojua katika dakika tatu, mbele ya mugeni na mashini yake. Alifaulu.

Santuri zilitoka kwa alama ya Gallotone. Masanga ilipata zawadi ya Osborn, iliyokuwa inatolewa kwa rekodi nzuri za muziki wa Afrika. Kutoka pale, kazi ya Mwenda ilifunguka. Katika miaka iliyofuata alirekodi makumi ya santuri: Bombalaka, Mama na Mwana, Kijana Muke, Tambala Moja na zingine nyingi. Zilihusu maisha ya muji kama watu walivyoyajua: mapenzi na ugomvi, feza inayopita mukononi, mashauri ya wazee, sifa za rafiki, wazazi na watoto.

Vidole viwili

Ni nini kilichowashangaza watu katika gitare yake? Tujaribu kueleza bila maneno ya kitaalamu.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mukono wa kuume: kidole gumba na kidole kinachofuata. Gumba ilishika nyuzi nene, ikatoa sauti za chini kwa mwendo usiokatika. Kidole cha pili kilicheza juu ya nyuzi nyembamba, kikatoa sauti ya wimbo. Hiyo peke yake si ajabu, wengine walifanya vile. Ajabu ilikuwa kwamba kile kidole cha pili hakikufuata gumba kama mutumwa. Kilitangulia kidogo, kilichelewa kidogo, kiliingiza mwendo wa tatu ndani ya mwendo wa mbili. Musikilizaji asiyemuona aliweza kuapa kwamba kuna magitare mawili.

Jambo la pili: hakurudilia. Wimbo wa namna ile unazunguka, unarudi kila mara pahali ulipoanzia. Mupigaji wa kawaida anarudia mzunguko uleule mupaka mwisho. Mwenda alibadilisha kila mara: hapa noti moja inaondolewa, pale ingine inaongezwa, mara sauti ya chini inapanda na kuchukua wimbo. Musingi unabaki uleule, lakini nyumba inajengwa upya kila mara.

Mutaalamu wa muziki David Rycroft aliketi na santuri hizo, akaandika noti zake moja kwa moja, na akatoa kazi yake katika gazeti la African Music mwaka wa 1961 na 1962. Kwa wakati ule, kuandika hivyo kazi ya mupiga gitare wa cité lilikuwa jambo la pekee. Namna ile walizoea kufanya kwa muziki wa akina Bach. Mutu wa Jadotville alikuwa ameingia katika masomo ya vyuo vikubwa akiwa angali anaishi na anapiga.

Nairobi inamuita

Mbele ya Mwenda mwenyewe kufika Kenya, santuri zake zilikuwa zimefika. Zilipitia maduka, zilipitia radio, na kwa sababu ziliimbwa kwa Kiswahili, watu wa kule waliweza kuzifuata, hata kama maneno mengine ya Katanga yaliwashinda. Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, Mwenda alikaa Nairobi kwa muda. Alikuwa na kipindi chake katika radio, na alisikilizwa na watu wengi kuliko wale ambao angeweza kuwakusanya katika baa zote za Jadotville na Elisabethville pamoja.

Hakuwa peke yake. Ndugu yake Edouard Masengo, aliyezaliwa mwaka wa 1933 na aliyekuwa amejulikana Elisabethville pamoja na kikundi cha Jecoco, alikwenda pia Nairobi na alipendwa sana. Hata kampuni za biashara zilitumia gitare ya Katanga kutangaza bidhaa zao. Losta Abelo, mwingine wa Katanga, mudogo wao kwa miaka, anatajwa pamoja nao kila mara watu wanapoongea juu ya wapiga gitare waliofundisha Afrika ya mashariki.

Katika magaribi ya Kenya, vijana walichukua ile njia ya vidole viwili, wakaitia mwendo wa ngoma zao. George Mukabi, aliyekufa mwaka wa 1963, alijulikana kwa mutindo unaoitwa omutibo, na watu wanaosoma historia ya gitare ya Kenya wanakubali kwamba santuri za Katanga zilikuwa mwalimu mukubwa wa kizazi kile. Wakati Wakenya wazee wanakumbuka gitare kavu na chupa ya Fanta inayogongwa ili kushika mwendo, sehemu ya kumbukumbu ile inatoka hapa kwetu.

Kwa nini Kinshasa ilipita mbele

Hapa tunafika katika ulizo ambalo mupenzi yeyote wa muziki wa Katanga analiuliza. Kama Mwenda alijulikana tangu mwaka wa 1952, mwaka mumoja mbele ya Kabasele kuanzisha African Jazz, na miaka ine mbele ya kuzaliwa kwa OK Jazz katika mwaka wa 1956, kwa nini dunia inaposema muziki wa Kongo inafikiri Lingala na Kinshasa?

Sababu ya kwanza ni vyombo. Orchestra za Léopoldville zilikuwa na gitare za umeme, saksofoni, ngoma za Kuba, waimbaji wawili ao watatu. Watu mia wanaweza kucheza mbele ya orchestra kama ile. Mbele ya gitare moja ya mbao, watu makumi mawili wanaketi na kusikiliza. Baa ilihitaji wachezaji wenye kiu.

Sababu ya pili ni biashara. Léopoldville ilikuwa na nyumba zake za kurekodi, kama Ngoma, Opika na Loningisa, zenye mashini palepale katika muji. Mwanamuziki aliweza kurekodi wiki hii na kusikia wimbo wake katika baa muda mufupi kisha. Mwenda alitegemea kampuni iliyokuwa Johannesburg. Muziki wake ulisafiri mbali, lakini mukono ulioushika haukuwa Katanga.

Sababu ya tatu ni siasa. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 1960. Tarehe 11 mwezi wa 7, Katanga ilitangaza kujitenga. Godefroid Munongo, mujukuu wa Msiri, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa serikali ya Tshombe. Katika mwezi wa 9 wa mwaka wa 1961, Jadotville yenyewe ilikuwa uwanja wa vita: waaskari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, karibu 155, walizungukwa na jeshi la Katanga kwa siku kadhaa mupaka wakajitoa. Kujitenga kuliisha mwezi wa 1 mwaka wa 1963. Katika miaka ile muji wa migodi haukuwa na nafasi ya kujenga nyumba za kurekodi ao kutuma orchestra zake katika jimbo zingine. Léopoldville, pamoja na fujo zake, ilibaki na radio yenye kusikilika mbali na soko kubwa. Kisha vita, njia ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na wengine.

Gitare magaribi, kazi muchana

Jambo ambalo wapenzi wengi wa Mwenda wa inje ya Kongo walishangaa kulijua ni hili: mutu huyu hakuishi kwa gitare. Alitumika katika benki. Alitumika kwa kampuni ya madini, ile iliyokuja kuitwa Gécamines kisha serikali kuchukua Union Minière mwanzoni mwa mwaka wa 1967. Aliongoza kikundi chake cha muziki katika Lubumbashi, ambako aliishi sehemu kubwa ya maisha yake, na alikuwa na hoteli karibu na mupaka wa Zambia.

Wengine wanaweza kusema: ni huzuni, mwanamuziki mukubwa namna ile kuketi nyuma ya meza ya ofisi. Lakini mutu wa Likasi anaelewa hesabu ile bila kuelezwa. Mushahara unafika kila mwisho wa mwezi. Santuri haifiki na kitu kila mwisho wa mwezi. Katika miaka ya 1950, wanamuziki wengi wa Afrika walilipwa mara moja kwa kurekodi, na kile kilichouzwa kisha kilikwenda kwa kampuni. Wimbo unaweza kupigwa katika inchi tano na mwenye wimbo asijue. Mwenda aliona mapema kwamba jina si chakula. Aliweka familia yake juu ya mushahara na biashara, na gitare akaiacha kuwa gitare.

Na kuna faida aliyopata katika hesabu ile. Hakulazimika kukimbilia kila mutindo mupya uliotoka Kinshasa ili apate mukate. Wakati wengine walibadilisha mutindo kila miaka mitatu, yeye aliweza kupiga Masanga miaka 30 kisha, na vidole vyake vilikuwa vingali vinaijua.

Newport, na jina lililokatwa

Mwaka wa 1969 Mwenda alipiga katika sikukuu ya muziki ya Newport, Marekani. Ilikuwa mojawapo ya sikukuu kubwa za muziki wa gitare na nyimbo za kienyeji duniani. Mutu wa Bunkeya alipanda jukwaa katika inchi ambayo mbele ya pale ilikuwa imemufikia tu kwa njia ya filme za cowboy.

Miaka michache kisha, inchi yake ilibadilisha majina. Jadotville ilikuwa imerudilia jina la Likasi tangu mwaka wa 1966. Mwaka wa 1971 Kongo ikawa Zaire, na Katanga ikawa Shaba. Mwanzoni mwa mwaka wa 1972, katika siasa ya Mobutu iliyoitwa authenticité, raia walikatazwa kubeba majina ya wazungu. Jean-Bosco, jina lililokuwa juu ya santuri zote, halikukubaliwa tena. Mwanamuziki wa miaka 42, aliyejulikana katika inchi nyingi kwa jina moja, alipaswa kuwa na lingine. Hivyo akawa Mwenda wa Bayeke.

Kwa mufanya biashara ya muziki, kupoteza jina ni sawa na kupoteza duka. Mutu wa Nairobi ao wa London aliyetafuta Jean Bosco hakujua kama Mwenda wa Bayeke ni yeye yule. Lakini jina jipya lilimurudisha pahali alipotoka. Lilisema wazi kwamba yeye ni mutu wa Bunkeya, wa watu wa Msiri. Mupaka leo santuri na vitabu vinamuita kwa majina yote mawili, na mutu asiyejua historia anaweza kufikiri ni watu wawili.

Wageni wanarudi kumutafuta

Miaka ya 1970 haikuwa rahisi katika Shaba. Bei ya shaba ilianguka, na vita viliingia katika jimbo mwaka wa 1977 na 1978. Hata hivyo, ni katika wakati ule ambapo wapiga gitare wa inchi za mbali walianza kufunga safari ili wamuone mwenye Masanga. Mwingereza John Low alifika mwaka wa 1979, akawatafuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo, na akaandika kitabu juu ya safari yake, Shaba Diary, kilichotoka mwaka wa 1982. Mumarekani Elijah Wald alikuja pia Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na kwa Masengo.

Fikiri jambo hilo. Kwa miaka mingi, vijana wa Kongo waliota kwenda Ulaya ili muziki wao ufanikiwe. Hapa Wazungu walifunga mizigo, wakaja Shaba, wakaketi chini mbele ya muzee wa Bunkeya ili awaonyeshe pa kuweka kidole.

Mwaka wa 1982 Mwenda mwenyewe alizunguka Ulaya. Mwaka wa 1988 alirekodi albamu katika Cape Town, Afrika ya Kusini, ileile inchi ambako kampuni ya Gallo ilikuwa imeuzisha santuri zake za kwanza miaka zaidi ya 30 mbele yake. Safari hii alikuwa katika studio, akiwa na muda, akiwa na miaka 58. Nyimbo zake za zamani zilipata nafasi ya kusikika tena bila kelele ya santuri ya zamani, na bila mupaka wa dakika tatu.

Miaka miwili kisha, katika mwezi wa 9 wa mwaka wa 1990, alikufa katika aksida ya gari. Alikuwa na miaka karibu 60. Edouard Masengo aliishi mupaka mwaka wa 2003.

Sauti ya Likasi inachungwa wapi

Rekodi ambazo Hugh Tracey alifanya ziliwekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka wa 1954, ILAM. Yeye alikufa mwaka wa 1977, na mwaka uliofuata maktaba ile ilihamia chuo kikuu cha Rhodes, katika muji ulioitwa Grahamstown, unaoitwa leo Makhanda, Afrika ya Kusini. Iko pale mupaka sasa. Sehemu ya rekodi hizo imetolewa upya kwenye CD na kampuni ya SWP, pamoja na wapiga gitare wengine wa kusini ya Kongo na kaskazini ya Zambia wa miaka ya 1950. Zinapatikana pia katika intaneti.

Maana yake ni kwamba mutu anayetaka kusikia namna Jadotville ilivyokuwa inapiga gitare katika mwaka wa 1952 anaweza kuisikia leo kwa simu yake, lakini mwanafunzi anayetaka kuona kanda zenyewe na karatasi zake anapaswa kutazama kusini, inchi mbili ao tatu kutoka hapa. Shaba yetu ilikwenda njia ile. Muziki wetu ulifuata reli ileile.

Kuna tofauti moja. Shaba ikishaondoka katika udongo, shimo linabaki. Muziki ukishaondoka, unaweza kurudi nyumbani bila kupungua kule ulikokwenda. Inahitaji shule moja ya Likasi yenye gitare chache, mwalimu mwenye subira, na wazee wa Kikula, Panda na Shituru wanaokumbuka nyimbo zile na wanaokubali kuzifundisha kabla hawajatuacha. Wimbo wa kuanza nao unajulikana. Unaitwa Masanga, na vidole viwili vinatosha.